Maji Ndiyo Yanayokunja Nywele

Nywele zangu ni za kipilipili, nzito, zinazojikunja kuanzia shinani. Kwa miaka mingi zilikuwa zikinyooshwa kwanza kwa pasi, kisha zikiviringishwa upya kwa chuma cha moto ili zipate mawimbi makubwa ya kuning'inia. Yaani moto uliondoa mkunjo mmoja, na moto huohuo ukaleta mkunjo mwingine. Kilichonifanya niache ni kitu nilichokuwa nakiona kila nilipoosha kichwa: nywele zilizo karibu na ngozi zilijikunja mara tu zilipoguswa na maji, lakini ncha zilibaki zimenyooka, zimelala, hata nikizimwagia maji kiasi gani. Ncha zile hazikuwa na uwezo wa kujikunja tena.

Tangu wakati huo sijapeleka moto kichwani. Naviringisha nywele zangu mwenyewe nyumbani. Naviringisha pia za mwanangu, ambazo ni laini kuliko zangu. Za mama, ambazo sasa ni chache na zimejaa mvi. Na za wifi yangu, mwenye nywele za singa zinazoteleza hata ndani ya kibanio. Ni vichwa vinne visivyofanana hata kidogo, na vyote vimenisisitizia jambo moja ambalo naona watu wanalipita haraka wakikimbilia kutafuta rola, mikanda na vijiti. Kinachokunja nywele ni maji, tena si wakati yanapoingia bali wakati yanapotoka. Chombo chochote unachotumia kazi yake ni kuzishikilia nywele mahali pake mpaka maji yamalize kutoka.

Nilipoelewa sababu yake, mambo mengi yalikaa sawa, kwa hiyo naomba nilieleze hili kidogo. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Nyuzi za protini hiyo zimeshikana kwa vifungo vya namna mbalimbali. Vipo vifungo vya salfa, ambavyo ni imara na maji hayaviwezi. Hivyo ndivyo vinavyolinda umbo ambalo nywele zako zimeota nalo. Na vipo vifungo vya haidrojeni, ambavyo kimoja kimoja ni dhaifu lakini ni vingi mno. Unywele ukilowa, maji yanapenya ndani na kuviachanisha. Unaweza kunywa maji yanayokaribia asilimia 30 ya uzito wake, ukavimba, ukalainika, ukakubali kuvutwa. Maji yakitoka, vifungo vile vinashikana upya, na vinashikana katika umbo lolote ambalo unywele umo wakati huo. Ukikaukia kwenye rola, unatoka na umbo la rola. Ukikaukia kwenye mto, unatoka na umbo la mto. Ndiyo maana aliyelala na nywele mbichi huamka upande mmoja wa kichwa umebonyea, na hakuna kitana kitakachouinua mpaka apitishe maji tena.

Chuma cha moto nacho kinachezea vifungo hivyohivyo vya haidrojeni, ila kwa haraka. Vingi vinafanya kazi kati ya nyuzi joto 150 na 230 za selsiasi. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Unywele uliobaki na unyevu ndani ukibanwa na joto la namna hiyo, maji yanageuka mvuke ghafla na kuacha vipovu ndani ya unywele wenyewe, na baadaye hapo ndipo unapokatikia. Joto likizidi, keratini yenyewe inabadilika na hairudi ilivyokuwa. Na kwa kuwa unywele uliokwisha kutoka kwenye ngozi si kitu hai, hauna namna ya kujitibu. Kondishena inaulainisha na kuufunika, lakini kilichoharibika kimeharibika mpaka kikatwe.

Ipo pia njia ya dawa, na naitaja kwa sababu naulizwa mara kwa mara kwa nini mawimbi yangu yanaondoka nikiosha ilhali ya mtu fulani yanakaa miezi. Mjerumani Karl Nessler aliwaonyesha wasusi wa London mwanzoni mwa karne ya 20 namna ya kutia nywele mawimbi ya kudumu, kwa dawa na vijiti vya shaba vilivyopashwa moto. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 zilipatikana dawa za kufanya kazi hiyo bila moto. Dawa hizo zinavunja vile vifungo vya salfa na kuviunga upya katika umbo jipya, ndiyo maana mkunjo wake hauoshwi ukatoka. Kwa hiyo kutotumia moto peke yake si ulinzi wa nywele. Ninachozungumzia mimi hakivunji kifungo cha salfa hata kimoja: ni maji, muda na kitu cha kuviringishia. Ukiosha, nywele zinarudi kwenye umbo lake, na mimi nalihesabu hilo kuwa faida kubwa kuliko zote.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Swali la kwanza ni nywele ziwe mbichi kiasi gani, na hapa ndipo nywele za singa na za kipilipili zinapoachana njia. Nywele zangu naanza nazo zikiwa na maji ya kutosha, nimezifunga tu kwa fulana kuukuu ya pamba ili zisichuruzike. Situmii taulo kwa sababu vitanzi vyake vinazivuruga nywele na kuzitimua kabla hata sijaanza. Nagawa kichwa katika mafungu makubwa, nashughulikia moja, mengine nayabana, na chupa ya kunyunyizia maji iko mkononi muda wote. Fungu likianza kukauka kabla sijalifikia, maana yake vifungo vyake vimeanza kushikana katika mkunjo wake wa asili, na ukiliviringisha likiwa katika hali hiyo litatoka na mikunjo miwili inayogombana: wake na wako. Matokeo ni nywele zilizotimka. Ni heri kulilowesha upya.

Kwa wifi ni kinyume. Nywele zake zikiviringishwa zikiwa mbichi sana, maji yananaswa katikati ya mzingo na hayana pa kutokea. Asubuhi nje pamekauka, ndani bado pana unyevu, na mkunjo unaanguka kabla hajamaliza kuvaa. "Wifi, mbona zimeshaanguka?" aliniuliza siku za mwanzoni, huku akizishika ncha zake zilizonyooka. Sasa tunasubiri nywele zake zikauke zenyewe mpaka ukizishika usihisi maji bali ubaridi kidogo tu, ndipo tunaviringisha. Unyevu huo mdogo unatosha kabisa. Mwanangu yuko katikati ya hao wawili, naye tunaenda kwa kugusa.

Maji yanatengeneza umbo, lakini ili umbo likae linahitaji utando mwembamba wa kulishikilia. Jeli ninayoipenda naitengeneza mwenyewe kwa mbegu za kitani: robo kikombe ya mbegu, vikombe viwili vya maji, moto mdogo, unakoroga bila kuacha mpaka maji yawe mazito kama ute wa yai. Yachuje yakiwa bado ya moto, kwa soksi nyembamba ya nailoni au kitambaa chepesi. Ukisubiri yapoe, jeli haitapita. Iweke kwenye jokofu na uitumie ndani ya wiki moja hivi, kwa maana haina kitu cha kuizuia isiharibike, na ikibadilika harufu itupe. Kwangu mimi inakwenda juu ya kondishena nyepesi ya kubaki kichwani. Mafuta naweka kidogo sana hatua hii. Mafuta mengi yanaifanya jeli iteleze badala ya kushika, na nimeona nywele zilizopakwa mafuta kupita kiasi zikikaa kwenye rola kutwa nzima zikatoka zimelegea. Kwa mama na wifi hata jeli hiyo ni nzito. Wao nawapaka povu la kuseti nywele, kiasi cha kiganja kwa kichwa kizima, basi.

Njia ninayoitumia zaidi kwa nywele zangu ni kusokota mafungu mawili mawili, halafu ncha nazimalizia kwenye kijiti cha sponji. Nachukua fungu, nalichana kuanzia kwenye ncha nikipanda juu, naligawa mara mbili, nasokota kila nusu upande uleule, kisha nazipitisha moja juu ya nyingine kwa mwelekeo wa kinyume. Hicho kinyume ndicho kinachozuia msokoto usifunguke wenyewe. Watu wengi wanaanza kwa nguvu shinani na kumalizia kwa kulegea, wakati mkunjo unaoonekana ni ule wa chini. Mimi nafanya kinyume chake: shinani nalegeza ili ngozi isivutwe, na kadiri ninavyoshuka ndivyo ninavyokaza.

Ncha ndizo zinazoamua kama kichwa kitaonekana kimesetiwa au kimesokotwa tu. Ncha iliyoachwa ikining'inia inakauka na umbo lake, inatokeza imechongoka, imetimka, na huwezi kuirekebisha baada ya kukauka. Kwa hiyo naikunja ncha ndani ya kipande cha karatasi laini, nailaza bapa juu ya kijiti, nahakikisha hakuna unywele uliokunjwa kinyume, ndipo naviringisha. Unywele uliozunguka kijiti mara moja na nusu utatoa tao tu. Ukitaka wimbi kamili linalokwenda na kurudi, zunguka mara mbili na nusu au zaidi. Na uchague kijiti chembamba kidogo kuliko mkunjo unaoutaka, kwa sababu mkunjo ukishaachiliwa hupanuka. Hilo ni kweli kwa nywele zote, na kwa nywele za singa ni kweli zaidi.

Kwa wifi tunatumia mkanda laini wa kitambaa, ule wa joho la kuvaa ukitoka kuoga. Unaulaza juu ya utosi ukiangukia pande zote mbili, unaubana ili usiteleze, halafu unachukua nywele za mbele na kuzizungusha kwenye mkanda, ukiongeza nywele kidogo kidogo kila unapozunguka mpaka shingoni, na mwisho unafunga. Ni njia nyepesi na mtu analala nayo vizuri. Ila ina mipaka yake: nywele zilizo juu ya mkanda hazijazungushwa popote, kwa hiyo mkunjo unaanzia karibu na sikio kwenda chini, utosi unabaki umelala. Anayetaka nywele zijae kuanzia juu anahitaji rola, na fungu la kila rola lisiwe pana kuliko rola yenyewe. Linyanyue fungu liegemee mbele kidogo ya shina lake, liviringishe hadi chini, rola ikalie juu ya shina lake lenyewe. Hapo shina linakauka likiwa limesimama, na ndiko kujaa kunakotoka. Soksi safi nazo zinafanya kazi ya rola bila tatizo lolote. Za pamba ni nzuri kwa kuwa zinanyonya maji.

Nywele za mama nilizifikiria sana kabla sijapata kinachozifaa. Mvi zake ni ngumu kidogo, zinachelewa kupokea maji, halafu zikishayapokea hazitaki kushika umbo. Na ni chache, kwa hiyo rola nzito zinavuta ngozi. Kinachomfaa ni mikunjo ya kubanwa: unachukua fungu dogo, unaliviringisha kwa kidole kutoka kwenye ncha kwenda shinani mpaka liwe duara, unalilaza bapa kichwani na kulibana kwa pini mbili zinazopishana. Ni njia ya zamani, iliyotumika mno miaka ya 1930 na 1940, na inafaa nywele fupi na nyepesi kuliko kitu chochote ninachokijua. Ukielekeza maduara ya mstari mmoja upande wa kulia na ya mstari unaofuata upande wa kushoto, ukija kuzifungua na kuzipitishia brashi laini, yanaungana kuwa mawimbi. Mama anapenda hayo mawimbi. Anakaa kimya ninapombana, isipokuwa nikifika kwenye paji la uso.

"Mwanangu, usinivute hapo pembeni."

Ana haki, na nimelifanya kuwa sheria kwa vichwa vyote. Unywele uliolowa ni dhaifu kuliko mkavu; unavutika kirahisi, hata kufikia karibu theluthi moja zaidi ya urefu wake, na ukivutwa kupita hapo unaharibika. Ukiubana kwa nguvu ukiwa umevutika, ukaja kukauka hapohapo, mvuto unazidi wala haupungui. Nywele za pembeni na za kisogoni ni nyepesi na ndizo zinazong'oka kwanza. Mvuto unaorudiwa mara kwa mara mahali palepale unaweza kuua mizizi, na ukikaa miaka, nywele hazioti tena. Vipele vidogo kwenye mstari wa nywele, maumivu ya kichwa, au ngozi inayokaza ukinyanyua nyusi ni dalili za kufungua papo hapo. Sitaki kusikia habari ya uzuri unaovumilia maumivu. Mkunjo haukazwi kwa kuumiza.

Mwanangu namfanyia vifundo. Nasokota fungu moja kwa mwelekeo mmoja mpaka linaanza kujizungusha lenyewe, nalizungushia shinani, ncha nachomeka chini. Naviweka vikubwa na vichache ili tumalize kabla hajachoka, na nahakikisha hakuna pini wala kitu kigumu, kwa sababu analala navyo.

Kisha kuna kukauka, na hapa ndipo ningetaka msomaji akae na mimi kwa muda.

Kukauka kwa nje hakusemi lolote. Fungu lililosokotwa linaweza kuwa kavu kabisa ukilishika na bado likawa bichi katikati, na sehemu hiyo ya katikati haijashika umbo. Ukilifungua wakati huo, maji yaliyobaki yataendelea kutoka nywele zikiwa hazijashikiliwa na chochote, nazo zitakaukia katika umbo lake la asili. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mikunjo kufa, na watu wanalaumu jeli, wanalaumu rola, wanalaumu nywele zao. Wengine wanafikia kusema nywele zao hazikubali, kisha wanarudi kwenye chuma. Nywele zinazoota kichwani pa mtu zote zina keratini, zote zina vifungo vya haidrojeni, na zote, zisipokuwa zimeharibiwa na moto au dawa, zinakubali zikipewa muda wa kukauka hadi ndani.

Namna yangu ya kupima ni hii. Sehemu inayochelewa kuliko zote ni ile ya nyuma, chini ya utosi, ambako nywele ni nyingi na hewa haifiki. Nachagua fungu moja hapo, naliweka shavuni. Ngozi ya shavu inahisi ubaridi ambao vidole havihisi, na ubaridi maana yake ni maji yanayoendelea kutoka. Kama lina ubaridi, kichwa kizima kinasubiri. Kama halina, nalifungua hilo moja tu na kuliangalia; likiwa limelegea au lina unyevu, naliviringisha tena na kuendelea na shughuli zangu. Nywele nyepesi za wifi zinakauka usiku mmoja bila shida. Zangu, zikiwa zimesokotwa nene, zinaweza kuchukua siku nzima na usiku wake, na hali ya hewa ikiwa na unyevu zinachukua zaidi. Sizikasirikii. Nafunga kitambaa na kufanya kazi nyingine.

Ukitaka kuharakisha bila moto, ongeza hewa na punguza unene. Feni inasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu inaondoa hewa yenye unyevu iliyozunguka kichwa. Mafungu mengi membamba yanakauka upesi kuliko machache manene. Draya inayopuliza hewa isiyopashwa moto nayo inafaa. Kisichofaa ni kuvaa kofia ya plastiki au kufunga kitambaa kizito juu ya nywele mbichi na kwenda kulala: maji hayana njia, ngozi ya kichwa inakaa na joto na unyevu usiku kucha, na hayo ndiyo mazingira ambayo fangasi wanayapenda. Nikiona nywele zangu bado ni mbichi sana usiku ukiingia, nakaa mbele ya feni kwanza, nalala baadaye.

Kufungua kuna utaratibu wake, ingawa si mrefu. Vidole navipaka mafuta kidogo, na hapa ndipo mafuta yanapostahili. Rola naifungua kwa kuirudisha nyuma njia ileile niliyoiviringishia, siivuti kuiteremsha chini. Kila msokoto naufungua kutoka kwenye ncha, naugawa pale tu unapojigawa wenyewe, na sigusi mikunjo kwa kitana. Nikitaka zijae, nachomeka chanuo shinani tu, nanyanyua kidogo, nalitoa. Kila unapougawa mkunjo mmoja unapata wingi zaidi na umbo pungufu. Ni wewe unayejua unataka kipi, na ukishagawa hurudishi nyuma.

Usiku nakusanya nywele juu kabisa ya kichwa, nazifunga kwa kitambaa kilicholegea, navaa kofia ya satini. Pamba ya mto inazisugua na kunyonya mafuta yake, satini inateleza. Wifi anafunga fundo moja lililolegea utosini, na asubuhi analiachia.

Adui wa mkunjo huu ni yuleyule aliyeutengeneza. Hewa yenye unyevu mwingi inarudisha maji ndani ya unywele, vifungo vinaanza kulegea, na kila nywele inaelekea kwenye umbo ililozaliwa nalo. Ndiyo maana mvua ileile inafanya mambo mawili tofauti: mimi nywele zinapanda juu, zinafupika na kuvimba, wifi zake zinashuka na kunyooka. Tukitembea pamoja hali ya hewa ikibadilika, mtu anaweza kudhani tulitengenezwa na watu tofauti. Mvuke wa bafuni unatosha kuanzisha hayo, kwa hiyo nikioga navaa kofia ya plastiki na mlango nauacha wazi kidogo nikimaliza. Siku za unyevu mwingi naepuka pia bidhaa zilizojaa gliserini, kwa sababu gliserini kazi yake ni kuvuta maji, na hewa ikiwa na maji mengi itayavuta kuyaleta kwenye nywele. Na mkunjo ukichoka siku ya pili au ya tatu, usinyunyizie kichwa kizima. Lowesha kidogo fungu lililolegea, liviringishe, lisubiri. Mengine yaache.

Kuna nywele ambazo njia hii haizitoshi, na ni vema kulisema wazi. Ncha zangu zile zilizoungua hazikushika umbo hata nilipofanya kila kitu inavyotakiwa. Juu msokoto ulitoka mzuri, chini ukaishia na mkia ulionyooka. Kondishena za protini zilizipa nguvu kidogo kwa siku chache, kisha zikarudi kulala. Nilizikata kidogo kidogo kila nilipoona zimezidiwa na nywele mpya. Nywele zinaota sentimita moja hivi kwa mwezi, kwa hiyo urefu wa kufika mabegani unadai miaka, na katika kipindi hicho chote kuna aina mbili za nywele kwenye unywele mmoja. Mahali zinapokutana ndipo zinapokatika. Vijiti vyembamba vya sponji kwenye ncha ndivyo vilivyonisaidia wakati huo, kwa kuwa vinazipa ncha zilizonyooka umbo linalokaribiana na la juu, na kichwa kinaonekana kimoja. Nywele zilizowekwa dawa ya kunyoosha ziko katika hali hiyohiyo: shina linaota na mkunjo, urefu hauna.

Siku hizi wifi akiwa na shughuli, tunahesabu kutoka mwisho kuja mwanzo. Akiniambia anatakiwa kutoka saa nne asubuhi, namwambia nywele zifunguliwe saa tatu na nusu, si mapema zaidi, ili hewa isipate muda wa kuzilegeza. Usiku wa kuamkia siku hiyo zinalala kwenye mkanda. Jioni yake zinaoshwa mapema, zikauke zenyewe mpaka zibaki na ule ubaridi mdogo. Zangu naziosha siku moja kabla ya zake. Nikimaliza kuzisokota nampigia simu aje, kisha tunakaa mbele ya feni, mimi nikisubiri nywele zangu zikauke na yeye akinishikia vibanio.